Utenzi Aliousikia Bibi

Bibi yangu alipougua homa ya mapafu, baba mkubwa aliandika wasifu wake. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Yeye ni mzee wa kanisa kule Hasamba, na tangu nikiwa mdogo ndiye anayewaandikia watu wa kata yetu wasifu wa marehemu wao, kwa mwandiko wake ulionyooka. Bibi alikuwa amelazwa hospitali ya Vwawa, anapumua kwa msaada wa oksijeni, na daktari alikuwa ametuambia kwa upole tujiandae. Kila mtu akajiandaa kwa namna yake. Shangazi alifua mashuka yote ya nyumbani na kuazima masufuria makubwa. Mimi nilifunga kibanda changu cha kushonea nguo pale Tunduma, nikapanda gari. Baba mkubwa alikaa mezani akaandika.

Halafu bibi akapona.

Alirudi Hasamba amefungwa mablanketi, amekonda mpaka kilemba kilikuwa kinamteleza usoni. Siku za mwanzo alilala tu. Kisha akaanza kuomba uji wa ulezi, kisha akaanza kulalamika kwamba uji una maji mengi, na hapo tukajua kwamba amerudi kweli. Asubuhi moja alitoka mwenyewe akishikilia ukuta, akaketi kwenye mkeka juani, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa jiko. Mimi nilikuwa pembeni yake namenya viazi. Shangazi alikuwa anapepeta maharage. Baba mkubwa, ambaye nyumba yake iko hatua chache juu ya kwetu, akashuka kuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umeshaniandika."

Baba mkubwa alimtazama shangazi. Shangazi akauinamia ungo wake.

"Yalikuwa maandalizi tu, mama," akasema baba mkubwa.

"Najua. Nenda ukalete, unisomee."

Alijaribu kukataa. Alisema haifai, alisema ni mkosi, alisema amesahau alipoiweka. Bibi alimsubiri amalize, halafu akarudia neno lile lile moja, "Nisomee." Basi mzee wa watu, mwenye mvi zake na wajukuu wake, akapanda kwake na kurudi na karatasi ndani ya Biblia.

Akasoma kwa sauti ile ile anayosomea makaburini. Marehemu alizaliwa katika bonde la Momba, kwa wazazi Wanamwanga. Akaolewa Hasamba, kwa Wanyiha. Alijaliwa watoto, akawataja, akianza na yeye mwenyewe na kumaliza na baba yangu, ambaye ametangulia. Alikuwa mkulima wa kahawa na mahindi, na mwimbaji hodari katika umoja wa wanawake wa kanisa. Mwaka huu alianza kusumbuliwa na kifua. Hapo baba mkubwa akakohoa na kukunja karatasi, maana kilichofuata kilikuwa nafasi iliyoachwa wazi kwa ajili ya tarehe.

Bibi alikuwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sijasikia uongo humo. Lakini huyo mama alizaliwa, akaolewa, akaugua. Hapo katikati alikuwa wapi?"

Shangazi alishindwa kujizuia, akacheka, na baba mkubwa naye akacheka, ingawa kwa aibu. Bibi hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayewatungia kwaya yenu huko Tunduma. Nitungie. Na mimi mwenyewe nataka nisikie, nimekaa hapa hapa. Nikishaondoka msinisumbue kwa maneno mazuri."

Nikamwambia sawa, bibi. Nilisema haraka, kama mtu anavyokubali kumshonea jirani kifungo.

Mimi si mshairi wa vitabu. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, kwenye kibanda kinachotazama barabara ambayo malori ya kwenda Zambia yanasimama foleni kutwa. Kutunga nilianza sekondari, kwa mwalimu aliyetufundisha kuhesabu mizani kwa vidole mpaka tukawa tunahesabu hata salamu. Baadaye kwaya yetu ikakosa mtu wa kuandika maneno ya nyimbo, wakanikumbuka. Natunga nikiwa kwenye cherehani. Mteja akija akinisemesha naitikia, lakini kichwani vidole vinaendelea kuhesabu.

Utenzi wa bibi niliutunga wiki ile ile niliyorudi Tunduma. Haukunisumbua hata kidogo. Kina mama wa upande wa pili wa mpaka walikuja kununua, wakaniambia kwa neno lao la heshima, "mukwai, punguza bei," nikapunguza, nikaendelea. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Hasamba tena, nimesimama mbele ya ule mkeka, najiamini. Nikaanza:

*Bibi yetu wa thamani,*
*Ua letu la shambani,*
*Taa yetu ya gizani,*
*Nyota kuu ya mbinguni.*

Nilisoma beti kadhaa za namna hiyo. Nilipoinua macho, bibi alikuwa ananitazama kwa adabu, kama anavyomtazama mgeni anayeongea lugha asiyoijua.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, bibi."

"Mimi si ua. Ua likiota shambani kwangu naling'oa."

"Mama," shangazi akaingilia, "hiyo ndiyo lugha ya mashairi."

"Basi apelekewe mwenye bustani."

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alinivuta mkono nikaketi. Viganja vyake vilikuwa vimelainika kwa ule ugonjwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sikukosea, nilikuwa na haraka tu. Kahawa imeiva, akasema, na wachumaji hawatoshi. Nikae. Tufanye kazi, nimwone, halafu nitunge.

Nikampigia simu fundi mwenzangu wa kibanda cha jirani, akakubali kuwapokea wateja wangu. Nikakaa.

Hasamba asubuhi wakati wa kahawa kuna baridi inayouma vidole. Tulikuwa tunaingia shambani umande haujakauka, mimi na shangazi na vibarua wawili watatu, tunachuma buni nyekundu na kuziacha za kijani. Bibi hakuruhusiwa kuchuma. Tulimwekea kiti kando ya kichanja, ile meza ndefu ya nyavu tunayokaushia kahawa juani, naye alikaa akichambua, akitupa punje mbovu bila hata kuziangalia. Mchana nilikuwa naketi naye. Nikagundua kwamba akiulizwa swali hajibu, lakini mikono ikiwa na kazi anaongea mwenyewe.

Aliniambia alivyopanda kutoka bondeni kwao, kwenye joto, kuja kuolewa huku juu. Hakujua neno hata moja la Kinyiha. Mama mkwe alimwagiza kuni, akaenda mtoni akarudi na maji, na mama mkwe akayapokea, akamshukuru, akaenda mwenyewe kutafuta kuni. "Hapo ndipo nilipojua kwamba nitakaa," bibi akasema. Alilia kwa baridi mwezi mzima. Babu akaenda mahali ambapo hakuwahi kupataja akarudi na blanketi la kijivu, na blanketi hilo likaja kuwabeba watoto wote.

Aliniambia jinsi babu alivyofariki kahawa ikiwa bado changa, na ndugu wakamshauri ang'oe miche apande mahindi, kwa kuwa kahawa ni zao la mwanaume. Hakubishana nao. Aliwapikia, wakala, wakaondoka, akaendelea kupalilia. Watoto walisoma kwa kahawa hiyo. Sare yangu ya kwanza ya shule ilitoka kwenye kahawa hiyo, na nilipomaliza mafunzo ya ushonaji, cherehani pia.

Na aliniambia habari za chumvi. Enzi za ujana wake, kabla barabara haijafunguka vizuri, wanawake wa huku walishuka kwa miguu hadi Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wamebeba maharage na ulezi. Kule walichemsha maji ya chumvi kwenye vyungu mpaka yakauke, au wakabadilishana na wenyeji, kisha wakapanda na chumvi kichwani. Kwa bibi safari ile ilikuwa pia kwenda nyumbani, maana kule chini angalau watu walizungumza lugha aliyoielewa.

Jioni nilikuwa natunga, na kesho yake namsomea kichanjani. Nilimsomea huu:

*Toka bondeni Ivuna,*
*Mzigo ukimbana,*
*Milima yafuatana,*
*Na chumvi yake kichwani.*

Mikono ikasimama kidogo. "Huyo namfahamu," akasema, akaendelea kuchambua. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwaya yetu iliposhinda mashindano.

Nilimsomea na huu:

*Mikono ya kupalia,*
*Kahawa kuichumia,*
*Na ndiyo iliyotia*
*Wajukuu darasani.*

"Na wanangu pia," akasema. "Wanangu ndio walioanza."

Kwa hiyo usiku ule nikaanza kuwatungia watoto wake, kila mmoja ubeti wake. Baba mkubwa na mwandiko wake. Shangazi, binti wa kwanza, aliyewalea wenzake mama akiwa shambani. Wengine, mpaka baba yangu, ambaye ubeti wake ulinichukua muda mrefu. Asubuhi nikamsomea bibi zote kwa mpigo. Alizisikiliza kwa makini. Kwenye ubeti wa baba yangu alinishika goti.

Nilipomaliza akasema, "Wote hao ni wangu. Lakini mmoja hayumo."

Nilidhani anamkumbuka mmoja wa wale watoto wa ndugu aliowalea, nikaanza kuwataja. Akatikisa kichwa.

"Huyo humjui. Hata shangazi yako hamjui."

Kahawa ilikuwa mbele yake, lakini mikono aliiweka mapajani. Akanisimulia akitazama kule ambako mteremko unaanza kushuka.

"Alimfuata baba yako mkubwa. Mtoto wa kike. Alikuwa ananyonya bado, kwa hiyo niliposhuka Ivuna nilikwenda naye, na kaka yake akatembea. Tulikaa vizuri. Mama yangu alikuja kumwona, akambeba, akamwimbia. Wakati wa kurudi akapata homa. Nikasema nitawahi nyumbani. Mzigo ulikuwa kichwani, yeye mgongoni, na jua lilikuwa kali, kwa hiyo joto lake na joto la jua sikuweza kuyatenganisha. Alikuwa analia, halafu akanyamaza. Nikashukuru, mwanangu. Nikasema amelala."

Akaokota punje moja mbovu, akaitupa.

"Wenzangu ndio walioona. Wakanitua chumvi kwanza, halafu wakamtoa mgongoni. Tulimzika pale pale chini ya mti, kando ya njia, wanawake watupu. Hatukuwa na jembe zuri. Tuliwahi kabla jua halijazama, halafu nikajitwika tena chumvi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na watu wanaoingoja."

Nilimuuliza kama aliwahi kurudi pale.

"Nilipita mara nyingine. Sikusimama. Mama mkwe alisema jina lake tusilitaje, ili watakaofuata wakae. Hakusema kwa ukatili, alikuwa ameshazika wake. Na kweli, waliofuata walikaa. Basi nikaogopa kulitaja, na baadaye nikazoea."

"Alikuwa anaitwa nani, bibi?"

Alitazama kule shangazi alikokuwa anaosha ndoo, kisha akaniinamia na kulisema sikioni. Jina zuri la Kinamwanga, la mama yake mzazi. Sitaliandika hapa, kwa sababu ni la familia.

"Nimweke kwenye utenzi?"

"Mimi nataka," akasema. "Lakini muulize kwanza baba yako mkubwa. Yeye alikuwepo."

Nilimkuta baba mkubwa nyuma ya nyumba yake, anapaka grisi mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Nilimsalimia, nikamsaidia kushika gurudumu, na nilipoona siwezi kuzunguka zaidi nikamwambia alichonisimulia bibi.

Aliendelea kupaka grisi pale pale palipokwisha kupakwa.

"Hayo ni mambo ya zamani," akasema. "Ukiyasoma mbele za watu, watauliza kwa nini yalifichwa. Sherehe itageuka msiba."

"Bibi mwenyewe ndiye anayetaka, baba."

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akaketi juu ya debe lililopinduliwa.

"Alikuambia mimi nilikuwa wapi?"

"Alisema ulikuwepo."

"Nilikuwa mbele, na watoto wa wale mama wengine. Walikuwa wametugawia mabonge ya chumvi, tunalamba tunatembea. Nikageuka nikaona wakubwa wamesimama, wamezunguka. Nilidhani wanapumzika. Miguu ilikuwa inaniuma, kwa hiyo nilifurahi, unaelewa? Nilikaa chini nikafurahi kwamba tumepumzika." Sauti yake ya makaburini haikuwepo. "Tulipoanza tena kutembea niliona mgongo wa mama hauna kitu. Nikauliza mtoto yuko wapi. Tulipofika nyumbani nikauliza tena, na bibi yangu mzaa baba akaniziba mdomo kwa kiganja. Taratibu tu, hakunipiga. Sikuuliza tena."

Nilimwambia pole. Ni neno tunalolitumia kwa kila kitu, hata kwa mtu aliyejikwaa, na siku hiyo nililiona dogo.

"Kila ninapoandika majina yetu," akasema, "nikishajiandika mimi, mkono unasimama. Halafu naandika jina la shangazi yako. Nimefanya hivyo kwa kila karatasi ya familia hii."

Akasimama, akajaribu mashine, ikazunguka bila kelele. Aliponiruhusu niondoke ndipo akasema, "Ukimtungia huyo ubeti, usiusome wewe. Nitausoma mimi."

Shangazi aliambiwa na bibi mwenyewe, jioni, wakiwa jikoni. Sijui walisemezana nini. Nilichokiona ni kwamba shangazi alitoka akafunga kuku bandani, akasimama pale akiwa ameshika komeo, halafu akaniita.

"Kumbe mimi si binti wa kwanza," akaniambia.

"Inakuuma, shangazi?"

Alifikiri. "Maisha yangu yote nimekuwa mkubwa wa wasichana wa nyumba hii. Nimechoka kweli kweli. Ningependa kuwa na dada." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaingia ndani kunikumbusha kwamba maji ya kuoga yanapoa.

Ubeti ule ukawa beti mbili, nazo nilizirudia mara nyingi kuliko utenzi wote. Kila neno nililoliweka lilikuwa linataka kupamba, nami nilikuwa nimeshajifunza kwamba bibi hataki mapambo. Mwishowe nikabakiza maneno yale tu ambayo yeye na baba mkubwa waliniambia.

Tulifanya sherehe Jumapili moja baada ya mavuno. Asubuhi bibi alipelekwa kanisani kwa gari la jirani, akatoa sadaka yake ya shukrani, kikapu cha mahindi na jogoo aliyekuwa anapiga kelele wakati wa mahubiri. Mchana tukajaa nyumbani. Tulifunga turubai uwanjani, tukapanga viti vya plastiki. Ndugu wa bibi walikuja kutoka Momba, wengine wakavuka mpaka kutoka upande wa Zambia na sufuria la chikanda, kile chakula cha mizizi ya porini na karanga, ambacho bibi anakipenda na hakuwa amekionja tangu augue. Bibi alivaa gauni nililomshonea, la kitenge cha bluu, na safari hii kilemba kilikaa. Binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, alikaa miguuni pake kazi yake ikiwa kumfukuzia nzi.

Nilisimama. Nikaanza na bonde la Momba na nikapanda naye mpaka kwenye baridi. Watu walicheka kwenye ubeti wa kuni na maji. Wazee wa Kinyiha waliitikia kwa kuguna kwenye ubeti wa babu. Nilipofika kwenye chumvi, kikongwe mmoja kutoka Ivuna akasema kwa sauti, "Ni kweli, ni kweli," kama vile mtu alikuwa amebisha. Bibi alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anafuata vina.

Nikasoma ubeti wa baba mkubwa. Kisha nikampa karatasi.

Alisimama, akavaa miwani. Watu walidhani anakuja kutoa neno la shukrani, wakajiweka sawa kwenye viti. Akasoma polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani:

*Yupo mtoto wa njia,*
*Mgongoni katulia,*
*Mama hakumsikia*
*Alipozima jotoni.*

*Jina lake nalijua,*
*Mama alilichukua*
*Kama mzigo, latua*
*Leo hapa uwanjani.*

Akavua miwani, akalitaja jina la dada yake. Akaongeza maneno ambayo sikuyaandika. Alisema, "Anayenifuata mimi ni huyo. Shangazi yenu anafuata baadaye."

Nilimtazama bibi, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba tumemzidishia, na kifua chake kile. Alikuwa ameinua uso. Halafu akaita lile jina. Hakulia nalo. Aliliita kama mama anavyomwita mtoto anayecheza mbali, aje ndani chakula kiko tayari, akivuta silabi ya mwisho. Akaita tena. Kina mama wa kutoka Momba wakaitikia kwa Kinamwanga, kwa pamoja, kama mtu anavyomwitikia mzazi. Ndipo watu wakalia, na baba mkubwa akaenda kupiga magoti kwenye mkeka, akalaza kichwa mapajani kwa mama yake mbele ya washirika wote wa kanisa lake.

Bibi alimpapasa mvi. Baada ya muda akaniangalia juu ya kichwa chake.

"Umemaliza?"

"Bado, bibi. Wamebaki wengine."

"Basi endelea. Watu wana njaa."

Nikaendelea. Shangazi alipigiwa vigelegele kwenye ubeti wake, akavipokea amesimama. Baba yangu alinyamaziwa vizuri. Tulipomaliza tukala wali na nyama na ndizi, na chikanda kikaisha kabla ya kila kitu. Alasiri niliwaona bibi na baba mkubwa wamekaa kwenye viti viwili kando, wanaongea na kuongea, yeye akionyesha kwa mkono kama anachora njia, na baba mkubwa akikataa, akichora nyingine. Nadhani walikuwa wanabishana mti ulikuwa wapi.

Bibi aliishi mpaka kahawa ikaiva tena, na ikaiva tena. Aliondoka mchana mmoja wa mvua, akiwa amelala, shangazi akiwa chumba hicho hicho anakunja nguo. Tulimzika Hasamba. Nililia sana, lakini sikuwa na lile donge la mtu ambaye hakusema alichotakiwa kusema, na nimewaona wateja wangu wengi wakija na donge hilo kunishonesha nguo za msiba.

Utenzi haukuishia hapo, na haukubaki wangu. Ndugu wa upande wa Zambia waliongeza beti kwa Kinamwanga, za utoto wa bibi ambao sisi huku juu hatukuujua. Mizani yao siwezi kuihesabu, lakini wanaziimba na zinakaa. Shangazi aliongeza ubeti mmoja kwa dada yake, akanisomea kwenye simu, akakata kabla sijasema kitu. Kila tunapokutana familia lazima atokee mtu mwenye kipande kipya, na baba mkubwa, ambaye sasa anatembelea fimbo, anadai kuusikia wote tangu mwanzo, hata kama mvua inakuja.

Juzi nilikuwa kibandani nakunja pindo za sketi za shule. Malori yalikuwa yamesimama kama kawaida, na binti yangu alikuwa kwenye kigoda mlangoni, ananitolea nyuzi kwenye nguo zilizokwisha, anaimba chini chini. Nikasikia Ivuna, nikasikia milima. Alipofika mwisho akaimba "na sukari yake kichwani."

"Ni chumvi," nikamwambia.

"Najua," akasema bila kuinua macho. "Leo nampunguzia. Sukari siyo nzito sana."

Nikataka kumweleza habari za uzito na mizani. Kisha akaja mama mmoja na watoto wake watatu wa kupimwa sare, nikachukua futi yangu, nikainuka kumhudumia, na binti yangu akaendelea kuimba.